Kwa Nini Jembe la Mpunga la Japani ya Kale Lilichongwa kwa Mwaloni

Kati ya mwaka 1936 na 1937, udongo wa bwawa la Karako katika mkoa wa Nara ulichimbwa ili utumike kujenga barabara, na wanaakiolojia walipofuatilia uchimbaji huo walikuta chini ya matope vyungu vya kipindi cha Yayoi, yaani enzi ambayo kilimo cha mpunga kilienea Japani, pamoja na vitu ambavyo mpaka wakati huo vilikuwa nadra kuonekana: majembe, sepetu na michi, vyote vya mti. Mti uliokaa ardhini katika hali ya kawaida huliwa na kuvu na wadudu ukaisha kabisa, lakini ule uliozama katika tope lisilopitisha hewa unaweza kudumu kwa zaidi ya miaka 2000 ukiwa bado na umbo lake, alama za tezo zikionekana juu yake. Tangu hapo maeneo mengine mengi ya namna hiyo yamefukuliwa, hivi kwamba leo zana za kilimo za Japani ya kale zinaweza kujadiliwa kwa kutazama zana zenyewe badala ya kukisia.

Anayezitazama kwa makini hukutana mapema na fumbo. Kilimo cha mpunga wa majaruba kilifika kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu kutoka rasi ya Korea katika milenia ya kwanza KK, na jaruba ni mahali pa tope laini. Mtu angetarajia kwamba kwa tope laini mkulima angechonga jembe la mti mwepesi, rahisi kuchonga na rahisi kubeba. Kilichopatikana ni kinyume chake. Katika Japani ya magharibi, sehemu kubwa sana ya majembe na sepetu za Yayoi ni za mwaloni mgumu, miongoni mwa miti mizito kuliko yote iliyoota katika misitu ya huko, na waliouchonga walianza kazi hiyo wakiwa na mashoka na tezo za mawe. Wakati huohuo, vifaa vingine vya shamba lilelile, kama viatu vya kutembelea topeni, vilichongwa kwa mti mwepesi na laini. Bila shaka watu hawa walikuwa wanachagua. Kazi ya makala hii ni kueleza walichagua kwa kufuata nini, na jibu la haraka kwamba walitaka mti mgumu ni jibu la nusu tu.

Kwanza ifahamike jinsi mti wa jembe la kale unavyotambulika. Mtaalamu hukata kwa wembe vipande vyembamba sana kutoka pande tatu za mti, yaani upande unaokata nyuzi, upande unaofuata mstari kutoka moyo wa mti hadi gome, na upande unaofuata mduara wa gogo, kisha hutazama kwa hadubini mpangilio wa vishipa na seli. Njia hii hutenganisha vizuri makundi ya miti, ila si kila mara aina moja na nyingine ndani ya kundi. Kuna mialoni isiyopukutisha majani, ambayo Wajapani huiita kwa jumla kashi, na ndani yake zimo aina kama akagashi, shirakashi, arakashi na ichiigashi. Mbao zake zimefanana mno hata ripoti nyingi za uchimbaji huishia kutaja kundi zima. Kisha kuna mialoni inayopukutisha majani wakati wa baridi, na hapa kunugi na konara hutenganishwa kwa umbo la vishipa vinavyoota mwishoni mwa msimu. Kwa hiyo tunaposema jembe fulani ni la kashi, tunataja ukoo zaidi kuliko mtu mmoja ndani ya ukoo huo.

Sasa tulitazame jembe lenyewe likiwa kazini. Jaruba halianzi likiwa tope laini. Kabla ya msimu wa kwanza lazima magugu na mizizi ing'olewe, mifereji ichimbwe, matuta yapandishwe na udongo ulioshikana ugeuzwe, na hayo yote hufanywa kwa pigo. Jembe jepesi hudunda. Jembe zito huingia kwa uzito wake na kumpunguzia mkulima nguvu za mabega. Mita moja ya ujazo ya akagashi iliyokauka kwa hewa ina uzito wa takriban kilo 870, ilhali ya sugi, mti wa familia ya mberoshi unaoota kwa wingi Japani, ni kama kilo 380 tu. Ubapa wa sugi ungehitaji unene mkubwa zaidi ili uhimili pigo lilelile, na ubapa mnene hauingii ardhini. Juu ya hayo, udongo wa mabonde una mchanga, na mchanga husaga ncha ya mti kama jiwe la kunolea. Ncha ya kashi husagika polepole, na ikishasagika inaweza kuchongwa tena. Miongoni mwa majembe yaliyofukuliwa yamo yaliyofupika sana kwa kutumika na kunolewa.

Mahali pa hatari zaidi katika jembe la mti hapako nchani, pako pale mpini unapopita. Jembe pana la Yayoi lilitobolewa tundu katikati ya ubapa, mpini ukaingizwa humo kwa pembe, na kila pigo lilisukuma kingo za tundu hilo kwa nje. Kwa kuwa nyuzi za mti zilipangwa ziende kutoka juu ya jembe hadi nchani, ili ncha isivunjike kwa kukatika, udhaifu ulibaki katika kupasuka kwa urefu kuanzia tundu. Wachongaji walijibu kwa njia mbili. Walichagua mti ambao nyuzi zake zimeshikana sana, na waliacha kuzunguka tundu uvimbe wa mti wenye umbo la mtumbwi, wakipunguza unene sehemu nyingine zote. Uvimbe huo ulidai kwamba jembe zima lichongwe kutoka ubao mnene, kwa maana sehemu kubwa ya mti iliyopasuliwa kwa jasho ilienda kuwa vibanzi chini. Mimi huona uvimbe ule kuwa ushahidi bora wa ufundi wao kuliko sehemu nyingine yoyote, maana hakuna aliyeweza kuubuni bila kuwa ameona majembe kadhaa yakipasuka mahali palepale.

Hata hivyo ugumu peke yake haumalizi maelezo, kwa sababu Japani ina miti mingine migumu ambayo haikutumiwa kwa majembe kwa kiwango hicho. Sehemu ya pili ya jibu imo katika namna ubao ulivyopatikana. Msumeno mkubwa wa kupasulia magogo kwa urefu ulienea Japani mnamo karne za 14 na 15 BK. Kabla ya hapo ubao haukupasuliwa kwa msumeno; ulipasuliwa kwa kabari. Gogo lililazwa, kabari zikapangwa kwa kufuata mstari mmoja na kupigwa kwa zamu, likafunguka katikati. Nusu zikafunguliwa tena, kisha robo, mpaka gogo likawa vipande kama vya chungwa lililomenywa. Wajapani wenyewe huuita upasuaji huu kwa jina la chenza. Mti unaopinda nyuzi, au wenye mafundo mengi, hauwezi kabisa kutendewa hivyo, kwani mpasuko hufuata nyuzi na kutoka nje ya njia.

Mwaloni una jambo moja linalousaidia hapa. Kutoka moyoni mwake kwenda kwenye gome hupita miale mipana ya seli laini, ambayo katika mialoni huonekana hata kwa macho, na mpasuko hupenda kuifuata. Hivyo kashi ni mgumu kwa anayeukata kwa kuvuka nyuzi, lakini kwa anayejua kuusoma, hufunguka kutoka moyo hadi gome kwa unyoofu unaoshangaza. Na ubao uliopatikana kwa njia hiyo una faida nyingine. Mti unapokauka husinyaa zaidi kwa kufuata mduara wa pete za mwaka kuliko kwa kufuata mstari wa kutoka moyoni, kwa kawaida karibu mara mbili. Ubao wa kipande cha chenza upana wake uko kwenye mstari wa kutoka moyoni, kwa hiyo husinyaa kidogo na haujikunji sana. Kabari, miale ya mwaloni na utulivu wa ubao viliungana katika jambo moja, na mtu aliyekuwa na shoka la jiwe mkononi hakuhitaji kuyajua maneno haya yote ili aone kwamba majembe yaliyopasuliwa hivyo hayapindi.

Njia hiyo ilikuwa na gharama, na gharama yenyewe ilikuwa ukubwa wa mti. Tuhesabu. Ikiwa ubapa wa jembe unahitaji upana wa sentimita 20, upana huo wote lazima utoke kati ya moyo na gome. Sehemu ya moyo kabisa hutupwa kwa sababu hupasuka, na sehemu laini ya nje chini ya gome hutupwa kwa sababu huoza mapema. Kwa hiyo umbali kutoka moyo hadi gome hauwezi kuwa chini ya sentimita 30 hivi, na mti mzima lazima uwe na kipenyo cha sentimita 60 au zaidi, shina likiwa limenyooka bila matawi ya chini. Hilo si gogo linalookotwa kando ya nyumba. Ni mti wa miaka mingi, na kuuangusha kwa shoka la jiwe ilikuwa kazi ya watu kadhaa. Ndiyo maana ubora wa shoka ulikuwa na thamani kubwa: mlima Imayama, katika eneo la Fukuoka ya leo, ulitoa mashoka ya mawe ya basalti yaliyosambaa vijiji vingi vya kaskazini mwa Kyushu, hadi chuma kilipoanza kuchukua nafasi ya jiwe kuelekea mwisho wa kipindi cha Yayoi.

Kisha linakuja suala la maji. Katika maeneo kadhaa yamefukuliwa majembe ambayo hayajakamilika, mengine mawili au matatu yakiwa bado yameungana katika ubao mmoja, kichwa kwa ncha, yamelazwa ndani ya mashimo ya maji au mitaro. Kwa mtazamo wa haraka mtu angedhani yalisahaulika, lakini mfano huu umejirudia mara nyingi mno kuwa usahaulifu. Kashi mbichi inayokauka haraka hupasuka vibaya, na kashi iliyokwisha kukauka ni ngumu mno kwa tezo ya jiwe. Kuizamisha majini kulitatua yote mawili: ubao haukupasuka, na ulibaki laini kiasi cha kuchongeka hadi siku mchongaji atakapopata nafasi ya kumaliza. Mti ulipasuliwa kwa mkupuo mmoja, kwani gogo kubwa likishaanguka haliwezi kusubiri, lakini majembe yalimalizwa kidogo kidogo, pengine moja linapohitajika. Tena, jembe lililokamilika lilikwenda kuishi majarubani, penye unyevu karibu wakati wote, na mti unaodumu katika unyevu hausinyai. Mtu asiyeuweka mzunguko huu akilini huona ajabu watu kuchonga vyombo vya kudumu kwa mti mbichi.

Jembe halikuwa mti mmoja. Mpini ulikuwa na mahitaji yake, na mara nyingi mti wake. Mpini ulionyooka ulihitaji kubeba mtikisiko bila kuvunjika, na hapo kashi ilitumika tena pamoja na miti mingine. Lakini kulikuwa na jembe la namna nyingine, ambalo halikutobolewa tundu. Sehemu yake ya juu ilikuwa nyembamba kama shina na ilifungwa kwa kamba juu ya mpini uliopinda kama goti. Mpini wa goti haukuweza kuchongwa kutoka ubao, kwa sababu pale kwenye kona nyuzi zingekatika. Ulitafutwa msituni ukiwa tayari umeota hivyo, kwenye panda ambapo tawi linaachana na shina, nyuzi zikipinda zenyewe kwa hiari yake. Kwa mipini ya namna hii, hasa ya tezo na mashoka, sakaki hutokea mara nyingi sana. Ni mti mdogo wa chini ya msitu wenye majani mabichi mwaka mzima, na matawi yake hadi leo hutolewa mbele ya madhabahu za Shinto. Isitoshe, hakuna aliyehitaji kuangusha sakaki mkubwa ili apate mpini; alihitaji macho ya kuiona panda yenye pembe sahihi.

Tukienda mashariki, kwenye uwanda wa mto Abe katika mji wa Shizuoka, tunakutana na kijiji cha Toro, kilichogunduliwa mwaka 1943 wakati kiwanda cha zana za vita kilipokuwa kikijengwa, na kufukuliwa kwa utaratibu kuanzia 1947 hadi 1950. Pale palipatikana makazi pamoja na majaruba yaliyoenea takriban hekta 7, na kingo za majaruba hayo zilizuiwa kwa safu za mbao na vigingi vilivyokitwa ardhini. Mbao hizo ni za sugi kwa wingi mkubwa. Hapa vigezo vimegeuka. Ubao wa kuzuia tuta haupigwi wala hausagwi. Unachohitaji ni urefu, unyoofu na wingi, na sugi hupasuka kwa kabari kama karatasi, tena kwa mita nyingi mfululizo. Viatu vya kutembelea topeni navyo, vile vipande vipana vinavyomzuia mtu asizame, vilitengenezwa kwa sugi: kifaa hicho kikiwa kizito kinaharibu kazi yake chenyewe. Kijiji hichohicho kilitumia kashi kwa majembe. Hivyo mkulima mmoja wa Toro, akiwa amesimama jarubani asubuhi moja, alikuwa na mwaloni mikononi, sugi miguuni na sugi tena kwenye tuta lililo mbele yake, na kila mmoja uliwekwa mahali pake kwa sababu.

Kinu na mchi vinaonyesha jambo hilohilo. Kinu kilichongwa kutoka gogo nene, na mkafuri ulipendwa kwa kazi hiyo kwa sababu hukua na shina kubwa mno na nyuzi zake zimepishana, kwa hiyo hazifunguki kirahisi mchi unapopiga ndani. Sifa iliyoufanya mkafuri usifae kwa kabari ndiyo iliyoufanya ufae kuwa kinu. Mchi ulikuwa gogo jembamba lenye kiuno cha kushikia katikati, la kashi au la mkamelia wa msituni, miti miwili mizito isiyochanika ncha. Watu wawili wakitwanga kwa zamu katika kinu kimoja wamechorwa kwenye kengele ya shaba kutoka Sakuragaoka, Kobe, mojawapo ya kengele 14 zilizochimbuliwa mwaka 1964. Msomaji wa pwani au wa bara hatahitaji kuelezwa wanafanya nini.

Maarifa haya hayakuandikwa na waliokuwa nayo. Kitabu cha kale cha kumbukumbu za taifa, Nihon Shoki, kilichokamilishwa mwaka 720 BK, kina simulizi la mungu Susanoo aliyeng'oa nywele za mwili wake zikawa miti, kisha akaigawia kazi: sugi na mkafuri kwa mitumbwi, mberoshi wa hinoki kwa majumba matukufu, na maki kwa majeneza. Mgawanyo huo si ngano tupu, kwani mitumbwi ya mkafuri na majeneza ya koyamaki, mti unaodhaniwa kuwa ndio maki wa simulizi hilo, yamefukuliwa kweli. Linalonigusa ni kilichokosekana. Kashi ya majembe haimo, ingawa ndiyo iliyolisha ikulu iliyoandikisha kitabu. Mti wa mkulima tunaujua kwa tope, si kwa wino.

Kuna upande mwingine unaosahaulika mara nyingi, nao ni kwamba mwaloni ulikuwa pia chakula. Kokwa za mialoni mingi zina ukakasi unaolazimu zilowekwe kwa siku nyingi, lakini za ichiigashi huweza kuliwa bila kazi hiyo. Katika eneo la Higashimyo, Saga, watu wa kipindi cha Jomon, kilichotangulia Yayoi, walizihifadhi katika mashimo yenye maji yapata miaka 8000 iliyopita, muda mrefu kabla ya mpunga. Na ichiigashi ndio uleule unaonyooka, unaonenepa na kupasuka vizuri. Kijiji kilichouangusha ili kupata majembe kilikata pia akiba yake ya mwaka ambao mpunga ungekataa. Uamuzi wa kuchagua mti kwa hiyo haukuwa wa fundi peke yake.

Misitu nayo haikuwa sawa kila mahali. Katika rasi ya Korea, ambako umbo la jembe lilitoka, majembe yalichongwa zaidi kwa mialoni inayopukutisha majani, jamii ya kunugi. Waliovuka bahari walikuta Kyushu misitu iliyojaa kashi, na umbo la jembe likahamia kwenye mti mwingine. Kilimo kilipoenea mashariki na kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, ambako kashi hupungua na hatimaye hutoweka kwa baridi, kunugi ilirudi kazini. Katika uwanda wa Kanto ilitumika sana kwa majembe katika kipindi cha Kofun, kilichofuata baada ya Yayoi. Kunugi nayo ni nzito, ina miale mipana na hupasuka kwa kabari, ila kuoza kwake na ukuaji wake si sawa na wa kashi. Tukisema walifuata desturi tu, hatuwezi kueleza mabadiliko haya. Na tukisema walichukua chochote kilichokuwa karibu, hatuwezi kueleza kwa nini waliruka miti mingi iliyokuwa karibu zaidi mpaka wakaufikia mwaloni mwingine. Walichokihifadhi ni orodha ya sifa, na kila nchi mpya iliwalazimu kutafuta mti unaozijaza.

Chuma kilipoingia shambani kilianza kama ukingo tu. Kuanzia karne ya 5 BK ulienea ukingo wa chuma wenye umbo la herufi U, uliovishwa kwenye ncha ya jembe au sepetu ya mti. Ncha iliacha kuwa tatizo, lakini ubapa, tundu na mpini vilibaki kuwa mti, tena vikadai usahihi mpya, kwani mti ukisinyaa ukingo huchomoka. Jembe la namna hiyo, mwili wa mti wenye mdomo wa chuma, lilibaki mikononi mwa wakulima wa Japani hadi nyakati za karibu. Alama ya kuandikia neno kashi ilibuniwa hukohuko Japani kwa kuunganisha alama ya mti na ile ya ugumu. Na maseremala wa huko bado hutaka mwili wa randa uwe wa shirakashi au akagashi. Tofauti ni kwamba watengenezaji wa randa huuacha mti ukauke taratibu kwa miaka kabla ya kuuchonga, kwa kuwa randa huishi pakavu, wakati jembe la Yayoi lilitolewa majini likarudishwa majini.